Moyo wa panya ulivyotuonyesha ugonjwa kabla ukuta haujanenepa

Katika eneo la Coaticook, Quebec, nchini Kanada, kulikuwa na ukoo ambao watu wake walianguka na kufa ghafla, wengine wangali vijana. Wenyeji waliita laana. Mwaka 1990 kundi la watafiti Christine na Jonathan Seidman wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, lilipata chanzo chake: herufi moja tu ya DNA iliyobadilika katika jeni ya MYH7. Jeni hiyo hutengeneza myosini, protini inayovuta nyuzi za msuli kila moyo unapopiga. Mwenye kasoro hiyo, ukuta wa moyo wake hunenepa hata kama hana presha. Kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Lakini ugonjwa huanzaje? Wengi hufika kliniki msuli umeshanenepa, na hakuna daktari atakayemkata mtoto asiyeumwa kipande cha moyo ili akichunguze. Ndiyo maana mwaka 1996 kundi hilohilo lilitengeneza panya wenye kasoro ileile.

Moyo wa panya ni mdogo kama harage na hupiga mara 500 hadi 600 kwa dakika. Panya hulazwa chali kwenye kibao chenye joto, manyoya ya kifuani yakaondolewa, kisha hupimwa kwa ultrasaundi kama sisi. Katika panya hao, kazi ya moyo iliharibika kwanza, seli zikiwa bado zimejipanga vizuri. Umri ulivyosogea ndipo seli zikavurugika, makovu yakaingia, ukuta ukanenepa. Madume vijana waliathirika zaidi ya majike, ingawa kasoro ni moja.

Panya si binadamu: myosini kuu ya moyo wake hutoka kwenye jeni nyingine, ndugu ya MYH7. Hata hivyo ametufaa sana. Mwaka 2016 dawa ya mavacamten, inayopunguza nguvu ya myosini, ilizuia unene kwa panya waliopewa mapema. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha itumiwe na watu wazima wenye dalili ambao msuli mnene umebana njia ya damu.

Kama katika ukoo wenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, au aliyeambiwa ana msuli mnene wa moyo, mwelezeni daktari. Wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wapimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (ultrasaundi ya moyo). Majibu yakiwa mazuri, ulizeni tarehe ya kurudi, kwa sababu unene huweza kuanza miaka mingi baadaye.