Kwa Nini Waingereza "Huvunja" Mfungo Kila Asubuhi?

Je, wajua kwamba Mwingereza akikaa mezani asubuhi kula mkate na mayai, lugha yake inasema amefuturu? Breakfast ni maneno mawili yaliyoshikana: break, yaani vunja, na fast, yaani mfungo. Aliyelala usiku kucha bila kula amefunga hata kama hakutia nia, na tonge la kwanza ndilo linalouvunja mfungo wake.

Jina hilo si la tangu enzi. Kiingereza cha kale kiliuita mlo huo morgenmete, chakula cha asubuhi, basi. Breakfast lilianza kuandikwa karne ya 15, Uingereza ikiwa bado nchi ya Kikatoliki, na watu wakifunga Kwaresima, mikesha ya sikukuu, na tangu usiku kabla ya kupokea Komunyo.

Lakini kwa nini kuvunja? Break ni neno kongwe. Zamani lilikuwa brecan, na ndugu zake wa karibu ni brechen la Wajerumani na breken la Waholanzi. Ndugu wa mbali ni frangere la Kilatini, kwa kuwa b ya mwanzo katika lugha za kina Mjerumani mara nyingi hulingana na f ya Kilatini. Ndiyo maana Kiingereza kimerithi ukoo huo mara mbili: break limetoka nyumbani, ilhali fracture, fragile na fraction yameingia kwa mlango wa Kilatini na Kifaransa. Na kazi ya break haiishii kwenye vyombo na mifupa. Huvunja sheria, ahadi na habari; hata siku yenyewe, ikipambazuka, kwao "huvunjika".

Kinachonivutia zaidi ni ile nusu ya pili. Fast ya kufunga inatoka kwenye mzizi mmoja na fasten, kukaza au kufunga kitu kisiachie. Kwa hiyo Mwingereza wa kale na Mswahili waliliona jambo moja: anayejizuia kula amejifunga. Walipoachana ni kwenye kumaliza. Mwingereza alichagua kuvunja, sisi tukachagua kufungua. Tuna kifungua kinywa, na jua likizama tunafungua. Ukimwambia mtu wa Unguja kwamba leo umevunja saumu, hatakukaribisha kwenye futari. Atakuuliza umekula nini mchana, na kama unajua kwamba una siku ya kulipa.

Hata hivyo, kuvunja kwenyewe hatukukukwepa kabisa, maana kulikuja na Kiarabu. Kufuturu, futari na Idi el-Fitri yanatokana na mzizi wenye maana ya kupasua. Mzizi huohuo umo katika jina la sura ya 82 ya Kurani, Al-Infitar, inayoanza kwa kutaja mbingu zitakapopasuka. Alfajiri nayo ina mzizi wake mwingine, lakini maana yake pia ni kupasua: nuru inalipasua giza. Basi mfungaji anaanza kujizuia kwa mpasuko mmoja na kumaliza kwa mwingine.

Kuna na dinner, chakula kikuu cha Waingereza, ambacho siku hizi wengi hukila jioni. Neno hilo lilitoka Kifaransa cha kale, disner, nalo likatoka Kilatini cha mitaani, disjejunare, maana yake kuacha kufunga. Déjeuner la Wafaransa limetoka hukohuko. Yaani kwa asili ya maneno, Mwingereza mwenye breakfast asubuhi na dinner jioni anafuturu mara mbili kwa siku!

Pwani yetu ilikwenda mbali zaidi, ikaitumia kufungua kuhesabia miezi. Shawali, mwezi unaofuata Ramadhani, huitwa Mfunguo Mosi, na hesabu inaendelea hadi Mfunguo Tisa kabla ya Rajabu. Maulidi ya Mtume huangukia Mfunguo Sita. Kuvunja kwetu kumewekwa kabla ya mfungo, si baada yake: siku za mwisho za Shaabani, watu wanapokula na kufurahi kabla mwezi haujaandama, huitwa vunja jungu.