Kwa nini mchezo wa nyimbo wenye kejeli hupoa ukigeuzwa filamu?

Je, wajua kwamba mchezo wa jukwaani unaowakejeli wakubwa kwa nyimbo, ukipelekwa kwenye sinema, mara nyingi hupoteza makali yake? Nyimbo zinaweza kuwa zile zile, waigizaji wale wale, fedha maradufu, na bado watu wakakaa kimya pale pale ambapo ukumbini walikuwa wakishika mbavu.

Kwa miaka mingi nilidhani ninalo jibu: nyimbo zenyewe ndizo tatizo. Jukwaani, nilisema, mtu akiacha kuongea na kuanza kuimba tunamkubalia, kwa kuwa kila kitu pale ni maigizo. Filamu inaonyesha barabara ya kweli na mvua ya kweli, kwa hiyo mtu akianza kuimba barabarani tunamwona kama aliyerukwa na akili. Hoja hiyo niliitetea kwa nguvu, na bado naisikia kwa wapenzi wengi wa sinema.

Haisimami. Na mtu aliyekulia Mombasa hahitaji kwenda mbali kupata ushahidi. Mji huu umetazama filamu za Kihindi kwa miongo mingi. Wapenzi huanza ubeti wa kwanza bustanini, wa pili wako kwenye theluji, wa tatu wamekwisha badili nguo, na hakuna anayeuliza wapiga ngoma wamejificha wapi. Mama zetu waliziimba nyimbo hizo jikoni bila kuijua lugha yake, na pale mtoto alipopotezana na mama yake, walilia. Kama nyimbo zingekuwa sumu kwa filamu, wimbo wa mapenzi ungekufa kwanza, na wimbo wa msiba ungeufuata. Hizo zote mbili zinaishi vizuri. Kinachodhoofika ni kejeli, na sababu itafutwe kwenye kejeli.

Anza na taarab. Harusini, mwimbaji anafika kwenye fumbo la mla vya watu asiyeshiba. Mwanamke mmoja anainuka safu ya nyuma, noti mkononi, aende kumtunza. Hapiti njia fupi. Anazunguka mpaka mbele ya kiti cha mwenzake, anapunguza mwendo, anauitikia ule mstari mmoja huku noti akiipunga juu, kisha anaendelea. Jina halikutajwa, lakini ukumbi mzima umeelewa. Vyama vya ngoma ya lelemama vya wanawake wa Mombasa vilitumia nguvu hiyo hiyo karne iliyopita, vilipokuwa vikishindana na kuumbuana kwa nyimbo. Makali hutoka kwa sababu mlengwa yumo, mashahidi wamo, na kila anayecheka anaonekana akicheka. Sasa usikie wimbo huo kesho yake ndani ya matatu. Sauti ni tamu kama jana, mlio wa udi haujapungua, lakini fumbo halina tena wa kumpata.

Jukwaa lina jambo la pili. Nabuni mchezo: mheshimiwa amepanda feri ya Likoni kuwahutubia wananchi. Jukwaani feri ni viti sita na kamba. Mheshimiwa ni kijana mwembamba aliyefunga mto chini ya koti. Mtazamaji anaona wawili kwa pamoja, kijana na mheshimiwa, mto na kitambi, na kejeli inakaa katika nafasi iliyo kati yao. Kila mto unapoteleza, ukubwa wa yule bwana unateleza nao. Kamera hupenda feri ya kweli, maji ya kweli, kitambi cha kweli. Nafasi ile inazibika. Tunabaki na mtu anayewahutubia abiria waliochoka, na tunaanza kuwahurumia abiria.

Huruma hiyo imewahi kubadili filamu nzima. Little Shop of Horrors, mchezo wa nyimbo ulioanza New York mwaka 1982, unamhusu Seymour, mfanyakazi wa duka la maua anayelisha mmea wake damu ili apate sifa. Mwishoni mmea unamla yeye na mpenzi wake, Audrey. Frank Oz alipouongoza kama filamu, alipiga picha za mwisho huo huo. Watazamaji wa majaribio, walioonyeshwa filamu kabla haijatoka, wakaukataa, ikabidi upigwe mwisho mwingine ambamo wapenzi wanaokoka, na huo ndio uliotoka mwaka 1986. Mwisho wa kwanza ulitolewa rasmi mwaka 2012. Maelezo ya Oz mwenyewe ni mepesi: jukwaani waliokufa hurudi kuinama na kupigiwa makofi, kwenye filamu hawarudi. Huo ni mfano mmoja, na watazamaji wa majaribio hawawakilishi wote, kwa hiyo nauchukua kama dalili, si uthibitisho.

Waliofaulu walijenga nafasi ile upya. Mchezo wa nyimbo uitwao Chicago ulipanda jukwaani mwaka 1975. Filamu yake ya 2002, iliyopata Oscar ya filamu bora, iliziweka nyimbo zake nyingi ndani ya mawazo ya Roxie, mwanamke anayeshtakiwa kwa mauaji: mahakama ni mahakama, na kichwani mwake ni jukwaa. Wakili wake anapowajaza waandishi wa habari maneno, tunawaona wakining'inia kwa nyuzi kama vibaraka.

Ninayoipenda zaidi ni filamu ya Cabaret ya mwongozaji Bob Fosse, ya 1972, iliyotokana na mchezo wa 1966. Nyimbo zake karibu zote ziko ndani ya kilabu cha usiku cha Berlin, wakati Wanazi wa Hitler wanapanda. Mmoja unaimbwa nje, bustanini, mchana. Tunaanza na uso wa kijana mzuri mwenye sauti safi. Kamera inashuka polepole, na mkononi tunaona kitambaa cha Wanazi. Watu wanasimama mmoja mmoja kuimba naye. Mzee mmoja anabaki amekaa. Jukwaa lisingeweza kutuficha mkono ule. Kamera iliweza, na kwa muda tulikuwa tumeupenda wimbo.

Basi feri yangu ningeipiga picha hivi. Nyuso kwanza, karibu sana: jasho, leso, mtoto mgongoni, mtu wa mkokoteni ameegemea mzigo wake. Mheshimiwa haonekani, sauti yake tu kwenye kipaza sauti, akiongoza wimbo wa tunasonga mbele, na abiria wanapiga makofi kwa mdundo mtamu kiasi kwamba mtazamaji naye anatikisa mguu. Kamera inarudi nyuma taratibu, inapanda juu ya vichwa, inatoka nje ya feri. Wimbo haujapungua hata kidogo. Sasa tunaiona gati, na feri ingali imefungwa pale pale upande wa Likoni. Katikati ya umati, yule wa mkokoteni ameacha kupiga makofi na anatazama maji.