Maana ya kuwekea mipaka ya kisheria umiliki binafsi wa kobe wakubwa wa kigeni

Kuwekea mipaka ya kisheria umiliki binafsi wa kobe wakubwa wa kigeni ni hatua ya dola kuingilia uhuru wa mtu wa kununua, kufuga, kuzalisha, kuuza au kurithisha kobe wa aina fulani, ama kwa kumkataza kabisa, ama kwa kumtaka awe na kibali, ama kwa kumwachia awe naye kwa masharti yanayokaguliwa. Mjadala wenyewe una nguvu zaidi Marekani, Uingereza na katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambako kobe hao huuzwa hadharani na kufugwa katika nyua za nyumba za kawaida. Hata hivyo, wengi wa wanyama wanaozungumziwa asili yao ni Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi, na baadhi ya mambo yaliyowapata yalitokea Zanzibar, kwa hiyo msomaji wa pwani yetu hana sababu ya kuuona mjadala huu kuwa wa watu wengine.

Neno «wakubwa» katika mjadala huu huwalenga hasa kobe wa namna tatu. Wa kwanza ni kobe wa Aldabra, kisiwa cha matumbawe kilichomo katika Jamhuri ya Ushelisheli, ambaye dume lake huweza kufikia kilo 250. Wa pili ni kobe wa visiwa vya Galápagos vya Ekwado, anayelingana naye kwa ukubwa au kumzidi. Wa tatu, ambaye ndiye kiini cha tatizo kwa idadi, ni kobe wa Saheli ambaye wafugaji humwita sulkata. Asili yake ni ukanda mkavu unaoanzia Senegali na Mauritania hadi Ethiopia, na ndiye kobe mkubwa kuliko wote wanaoishi bara, kwa kuwa wale wawili wa kwanza ni wa visiwani. Neno «wa kigeni» nalo hutegemea mahali alipo mnyama: kobe chui anayevuka barabara ya vumbi Serengeti yuko kwao, lakini kobe huyo huyo akiwa ndani ya kibanda cha kioo mjini Hamburg ni mnyama wa kigeni, na sheria zinazomgusa ni tofauti kabisa.

Kuna tofauti moja ambayo wabishani wengi huipita haraka, nayo ni kati ya mnyama wa kufugwa na mnyama aliyezaliwa kifungoni. Mbuzi na ng'ombe wamebadilika umbo na tabia kwa maelfu ya miaka ya kuchaguliwa na binadamu. Sulkata aliyeanguliwa katika jimbo la Florida, hata kama wazazi wake nao walianguliwa humo humo, bado ana mwili na silika za mnyama wa Saheli: huchimba shimo refu ili kukwepa joto na ukavu, hula majani magumu yasiyo na maji mengi, na halali usingizi wa majira ya baridi kama wafanyavyo kobe wa Ulaya. Akilishwa matunda na mboga laini tu, bila nyasi za kutosha, madini ya chokaa na jua, gamba lake huweza kuota vinundu na mifupa yake kulegea. Kuzaliwa kifungoni humwondoa mnyama katika hesabu ya walioibwa porini, lakini hakumfanyi awe mwepesi kumtunza, na sheria ambayo hulichukulia jambo la kwanza kuwa ni la pili huwa imejengwa juu ya kosa.

Ugumu wa kumtunza unatokana na mambo mawili, ukubwa na umri. Mtoto wa sulkata anapoanguliwa huwa na urefu wa sentimeta zipatazo tano na hukaa kwenye kiganja cha mtoto wa shule. Baada ya miaka kadhaa huwa mnyama wa kilo 50 au zaidi, mwenye nguvu za kubomoa uzio wa mbao na kuchimba chini ya msingi wa banda, na huweza kuishi miaka zaidi ya 70. Kobe wa Aldabra na wa Galápagos huvuka miaka 100. Mtu wa makamo anayemnunua kobe wa namna hiyo, kwa vyovyote vile, anafanya uamuzi kwa niaba ya watu ambao pengine hawajazaliwa. Huko St Helena, kisiwa cha Uingereza katika Bahari ya Atlantiki, yuko kobe mashuhuri aitwaye Jonathan, anayekadiriwa kuwa alianguliwa mwaka 1832 na aliyefikishwa kisiwani humo mwaka 1882 akiwa tayari mkubwa. Magavana wamekuja na kuondoka naye akabaki, na hilo limewezekana kwa sababu hakuwa mali ya gavana yeyote kama mtu. Ni wa ofisi na makazi yake, na ofisi haifi. Mmiliki binafsi hufa, huhamia nyumba ya kupanga, huachana na mwenzi wake, huishiwa fedha za kulipia umeme wa kumpasha kobe joto wakati wa theluji. Kwa maoni yangu hoja nzima ya kuweka mipaka imelala hapa, na ni ajabu kwamba sheria nyingi zilizopo zimeandikwa kwa sababu nyingine kabisa.

Tazama kwanza mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaojulikana kwa kifupi kama CITES. Kobe wa Galápagos wamo katika Kiambatisho cha Kwanza, ambacho hufunga biashara ya kimataifa kwa malengo ya faida kwa wanyama waliotoka porini, na kobe wa Aldabra na sulkata wamo katika Kiambatisho cha Pili, ambacho huiruhusu kwa vibali. Katika mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Gigiri, Nairobi, mwaka 2000, sulkata aliongezewa sharti kali zaidi: kiwango cha kuuza nje kobe waliokamatwa porini kwa ajili ya biashara kiliwekwa kuwa sifuri. Mwaka huo huo Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipiga marufuku kuingiza nchini humo sulkata, kobe chui na aina mojawapo ya kobe wenye gamba lenye bawaba, kwa sababu kupe waliogandana na kobe walioagizwa kutoka Afrika waliweza kubeba maji moyo, ugonjwa ambao wafugaji wetu wa ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaujua vizuri na ambao haukuwahi kuingia katika ranchi za Marekani bara.

Milango miwili ilifungwa, basi, na mtu angetarajia kobe hao waadimike katika nyua za Arizona na California. Haikuwa hivyo. Kufikia wakati huo sulkata waliokwisha kuingia walikuwa wakizaliana kwa urahisi mkubwa, jike mmoja akitaga mayai 15 hadi 30 kwa mkupuo na akirudia zaidi ya mara moja katika msimu, na hakuna katika makatazo hayo mawili lililozuia mayai kuanguliwa ndani ya nchi. Bei ya watoto wa kobe ikabaki chini, na vituo vya kupokea wanyama waliotelekezwa vikaendelea kujazwa na madume makubwa ambayo hakuna aliyeyataka. CITES ni sheria ya mpakani: humuuliza mnyama ametoka wapi na anakwenda wapi, na akishavuka haimfuatilii hadi sebuleni. Kuilaumu kwa kushindwa kudhibiti ufugaji wa nyumbani si haki, lakini kuitegemea kwa kazi hiyo ni uzembe wa watunga sheria wa nchi husika.

Marekani ina kanuni nyingine inayochekesha ukiitafakari kwa jicho la mjadala huu. Tangu mwaka 1975 ni marufuku kuuza kobe mwenye gamba la urefu wa chini ya inchi nne, yaani takriban sentimeta kumi, awe mnyama wa kufugwa nyumbani, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia kobe wadogo mdomoni na kuambukizwa bakteria wa salmonela. Kanuni hiyo ina mantiki yake ya kiafya na haikuandikwa kwa ajili ya sulkata. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba dola iliyoona hatari katika kobe wa sentimeta tisa haikuwa na swali lolote, katika kanuni hiyo, kwa anayenunua kobe atakayefikia sentimeta 80.

Uingereza nako kipimo ni hatari kwa binadamu. Sheria ya mwaka 1976 ya wanyamapori hatari humtaka mtu awe na leseni ya halmashauri kabla ya kufuga simba, mamba au nyoka wenye sumu, na kobe, kwa kuwa hamng'ati mtu akamuua, hayumo. Mwezi Januari mwaka 2024 mizoga ya kobe wakubwa wa Aldabra ilikutwa katika msitu wa Ashclyst karibu na mji wa Exeter. Kwanza waligunduliwa wawili, kisha hesabu ikafikia saba. Polisi waliwaomba wananchi taarifa, kwani hakuna daftari la taifa la wamiliki wa kobe wa Aldabra ambalo ofisa angelifungua na kusoma jina. Mfano huu mmoja, kwangu, una uzito kuliko takwimu nyingi, maana unaonyesha kwamba tatizo si ukatili peke yake, bali pia mnyama mwenye uzito wa watu wawili kuweza kuishi na kufa katika nchi yenye maandishi mengi bila kuandikwa popote.

Ubelgiji ilichagua njia ya kinyume, ambayo wataalamu huiita orodha ya ruhusa. Badala ya sheria kutaja wanyama waliokatazwa, hutaja wale wanaoruhusiwa, na asiyetajwa huhesabiwa kuwa amekatazwa hadi atakapoombewa na kukubaliwa. Ilianza na mamalia, na wafanyabiashara walipoipinga, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2008 kwamba orodha ya namna hiyo inaweza kuwa halali endapo vigezo vyake havibagui, vinaweza kupimwa, na kuna utaratibu ulio wazi wa kuomba mnyama aongezwe. Uamuzi huo hauwahusu kobe moja kwa moja, lakini ndio ulioonyesha kwamba mzigo wa kuthibitisha unaweza kuhamishwa kutoka kwa dola kwenda kwa anayetaka kumiliki.

Kwa msomaji wa Tanzania jambo hilo halina ugeni. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaanza na kanuni kwamba wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao. Mtu hamiliki kwanza kisha akakatazwa, bali hana haki hadi apewe. Sheria nzuri kwenye karatasi, bila shaka, haitoshi. Mwaka 1919 gavana wa Uingereza huko Ushelisheli aliizawadia Zanzibar kobe wanne wa Aldabra, wakawekwa Changuu, kisiwa ambacho watalii hukiita kisiwa cha gereza. Walizaana hadi kufikia 200 mwaka 1955, kisha wizi ukaanza, wengine wakiuzwa nje kama wanyama wa kufuga na wengine wakiliwa, na inaelezwa kwamba mwaka 1996 walibaki saba. Waliokolewa kwa kuzungushiwa boma na kuwekewa walinzi, si kwa tangazo. Leo mgeni anayekwenda kuwalisha mchicha anakuta umri wao umeandikwa kwa rangi juu ya magamba, utaratibu ambao si wa kisayansi sana lakini unazidi ule wa Ashclyst. Soko la mmiliki binafsi wa mbali ndilo lililokuwa sehemu ya sababu ya kuibwa kwao, na ni vigumu kumjadili mmiliki huyo kana kwamba chaguo lake lina athari ndani ya uzio wake tu.

Wanaopinga mipaka wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Husema kwamba ujuzi mwingi wa kutunza na kuzalisha kobe umetoka kwa wafugaji binafsi, na kwamba katazo huwasukuma watu mafichoni, mahali ambapo daktari wa mifugo haitwi. Hoja ya pili ni nzito, na nitairudia. Hoja yao ya tatu, kwamba kobe wa majumbani ni akiba ya kuokoa jamii yao porini, ina udhaifu: kobe wengi wa Marekani wametokana na mchanganyiko wa wazazi wasiojulikana walikotoka, na kuwarudisha kunaweza kupeleka maradhi porini. Kazi hiyo inafanywa kwa utaratibu mwingine, kama katika kituo cha kobe cha Noflaye, karibu na Rufisque nchini Senegali, kinachozalisha sulkata na kuwaachia katika ukanda wa Ferlo. Kituo hicho hakitegemei nyua za Phoenix, Arizona.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kama umiliki huu uwekewe mipaka ni ndiyo, ila mipaka hiyo iangukie zaidi uzalishaji na uuzaji kuliko kumiliki kwenyewe. Kibali kimfuate kobe na si mtu: awekewe chipu chini ya ngozi, namba yake iandikwe katika daftari, na hakuna kibali kitakachotolewa bila kutajwa mrithi aliyekubali kwa maandishi, awe ndugu, kituo au bustani ya wanyama. Anayeuza watoto wa kobe awajibike kumpokea tena mnyama aliyemshinda mnunuzi, kwa gharama yake mwenyewe. Sharti hilo la mwisho peke yake lingepandisha bei ya mtoto wa sulkata hadi ikaribie gharama halisi ya maisha yake, na wanunuzi wa pupa wangepungua bila askari kugonga mlango wa mtu.

Kuhusu wale ambao tayari wanao, ndipo hofu ya mafichoni inapohitaji kujibiwa. Sheria mpya inayoanza na faini kubwa huzaa utelekezaji, kwa kuwa njia rahisi ya kuikwepa ni kumwacha mnyama msituni usiku. Inafaa pawepo kipindi cha mpito ambacho uandikishaji ni bure na hauulizi kobe alipatikana vipi, isipokuwa pale penye dalili za magendo, na mwenye kobe aruhusiwe kuendelea naye hadi mwisho. Masharti yake yawe mawili tu: madume na majike watenganishwe kadiri inavyowezekana, na mayai yatakayotagwa yafukuliwe na kugandishwa mapema, kabla kiinitete hakijakua.