Bia Yako Ikiondolewa Sokoni: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kutafuta Mbadala

Bia inapotoweka sokoni, mnywaji aliyeizoea kwa miaka mingi hubaki na swali ambalo ni wachache wanaolijibu kwa uangalifu: achukue ipi badala yake? Majibu anayopewa kaunta na marafiki huwa yamejaa dhana zinazompotosha, hata akakata tamaa mapema na kuamini kwamba ladha aliyoipenda haipatikani tena, ilhali huenda bia inayoikaribia ipo katika friji ya grosari ileile anayonunua kila siku. Msimamo wangu ni kwamba mbadala wa bia hutafutwa kwa kuchunguza kilichomo ndani ya chupa, yaani nafaka iliyotumika, uchungu, utamu uliobaki baada ya kuchachuka, na muda uliopita tangu bia itoke kiwandani. Jina, rangi na sifa za matangazo husaidia kidogo sana.

Dhana: Kiwanda kikifungwa, bia nayo imekufa

Historia ya bia za hapa kwetu inaonyesha vinginevyo. Mwaka 1998 kampuni ya South African Breweries, ambayo baadaye iliitwa SABMiller na leo haipo tena, ilifungua kiwanda Thika, Kenya, ili kupika Castle na kushindana na Tusker nyumbani kwake, huku East African Breweries, kampuni ya Kenya yenye Tusker, ikishindana na TBL (Tanzania Breweries Limited), iliyokuwa chini ya South African Breweries, nchini Tanzania kupitia Kibo Breweries ya Moshi. Mwaka 2002 pande hizo mbili zilipatana. Viwanda vya Thika na Moshi vikafungwa, kila upande ukapata asilimia 20 ya hisa katika kampuni ya mwenzake, Castle ikaanza kupikwa na Kenya Breweries, kampuni tanzu ya East African Breweries, na Tusker ikapikwa Tanzania na TBL. Mpango huo nao haukudumu: mwaka 2010 East African Breweries ilinunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries, kampuni nyingine ya bia ya Tanzania, na baadaye Tusker ya Tanzania ikahamia huko. Kibo Gold, ambayo mtu wa Moshi angeweza kudhani imezikwa pamoja na kiwanda chake, jina lake limo katika orodha ya bia za Serengeti Breweries.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kuhangaika na mbadala, ni kuuliza kwenye depo kama bia hiyo imefutwa kabisa au imehamishiwa kwa mpishi mwingine. Hata hivyo, kosa la upande wa pili ni kubwa vilevile, nalo ni kudhani kwamba jina likirudi, bia iliyomo ni ileile. Leseni humpa mpishi mpya haki ya jina na masharti ya mapishi, lakini mitambo, kimea (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa) kinachopatikana na bei ya nafaka hubadilika, na mwenye jina anaweza kuamua kubadili mapishi wakati wowote. Jina lililorudi linastahili kuonjwa kama bia ngeni.

Dhana: Laga za rangi moja zina ladha moja

Hii ndiyo dhana inayowapoteza watu wengi zaidi, na inastahili kuchambuliwa kwa kirefu. Rangi ya bia hutokana zaidi na jinsi kimea kilivyokaushwa au kukaangwa. Haikwambii kama nafaka yote iliyotumika ilikuwa kimea cha shayiri, au kama sehemu yake ilikuwa mahindi, mchele, mtama au sukari, na tofauti hiyo ndiyo inayobeba ladha. Sukari huliwa na hamira karibu yote, hivyo bia iliyopikwa kwa sehemu ya sukari huwa nyepesi mdomoni na hukauka haraka baada ya kumeza. Kimea kitupu huacha wanga ambao hamira haiwezi kuumaliza, na wanga huo ndio unaoipa bia uzito na harufu inayokumbusha mkate.

Mfano mzuri umo ndani ya nyumba moja. Tusker Lager na Tusker Malt Lager zina jina la ukoo mmoja na rangi zinazokaribiana, lakini ya kwanza ina kilevi cha asilimia 4.2 na ya pili, inayotangazwa kuwa ya kimea kitupu, ina asilimia 5, na aliyezoea moja huona mara moja kwamba nyingine haiendi na koo lake. Serengeti Premium Lager nayo hutangazwa kuwa ya kimea asilimia 100. Upande wa pili kuna bia zilizobuniwa kwa makusudi kutumia mazao ya wakulima wa karibu: Eagle iliyoanza Uganda mwaka 2002 ilipikwa kwa mtama, na Impala ya Msumbiji ya mwaka 2011 ilipikwa kwa muhogo. Sheria ya ushuru ya Tanzania nayo imekuwa ikitoza kiwango cha chini zaidi kwa bia za nafaka za ndani zisizo kimea, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazozifanya ziuzwe kwa bei nafuu. Mtu aliyekuwa akinywa laga ya kimea kitupu, akachukua ya mtama kwa sababu zinafanana katika glasi, ataona amedanganywa, ingawa bia ile ni nzuri kwa namna yake.

Soma basi orodha ya viambato kwenye lebo. Ikiwa bia yako ya zamani iliandikwa kimea, sukari na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), tafuta yenye viambato hivyo hivyo kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Dhana: Ya kimea kitupu ni bora, hivyo ndiyo mbadala salama

Wanaosema hivi hupenda kutaja sheria ya Bavaria, Ujerumani, ya mwaka 1516 iliyoruhusu shayiri, hopsi na maji pekee. Sheria hiyo ilihusu pia bei ya bia na kulinda ngano kwa ajili ya mkate. Haikuwa kipimo cha ladha ya kila mnywaji. Kama ulichopenda katika bia iliyotoweka ni wepesi wake wakati wa joto la mchana, ya kimea kitupu itakuelemea.

Dhana: Maji ya mahali fulani ndiyo siri, kwa hiyo haiwezi kuigwa

Zamani jambo hili lilikuwa na ukweli mkubwa. Maji laini ya Plzeň, mji wa Ucheki, yalichangia kuzaliwa kwa laga ya dhahabu mwaka 1842. Viwanda vikubwa vya leo, hata hivyo, huchuja maji, huondoa madini na kuyarudisha kwa vipimo, ndiyo maana bia ya jina moja inaweza kupikwa katika miji kadhaa. Kinachotofautisha kampuni na kampuni kwa kiasi kikubwa zaidi ni hamira. Tangu mwaka 1883, Emil Christian Hansen wa maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg, Denmark, alipofaulu kuotesha hamira ya aina moja iliyo safi, wapishi wameweza kutunza hamira zao na kuzirudia kutoka mapishi hadi mapishi. Ndiyo maana ndugu wa kiwanda kimoja mara nyingi hushiriki harufu fulani ya matunda, na kuanza utafutaji ndani ya kampuni iliyopika bia yako ni wazo zuri, mradi usiishie hapo.

Dhana: Asilimia ya kilevi ndiyo ukali wa bia

Kilevi na uchungu ni vitu viwili. Uchungu hutoka kwenye hopsi. Pilsner Urquell ina asilimia 4.4 tu ya kilevi, lakini uchungu wake ni karibu vipimo 40 vya IBU (kipimo cha uchungu wa bia), ilhali laga nyingi za soko la kawaida ziko chini ya 25 hata zinapokuwa na kilevi kingi zaidi. Jina la pilsna (laga ya mtindo wa Plzeň) kwenye lebo halihakikishi uchungu huo.

Asilimia ina umuhimu wake mahali pengine, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 za kilevi halisi, na yenye asilimia 5.5, kama Safari Lager, ina mililita 27.5. Anayebadili bia bila kubadili idadi, akaendelea na chupa tatu za kila mara, amekunywa mililita 19.5 zaidi, yaani karibu chupa nzima ya ziada ya bia aliyoizoea. Afya yake na usalama wa wanaosafiri naye vinategemea kulijua hilo.

Dhana: Kreti niliyoihifadhi itanisaidia kulinganisha

Laga haikomai chupani kama baadhi ya mvinyo. Oksijeni kidogo iliyobaki huifanya inuke kama karatasi iliyolowa, uchungu hupungua, na joto la stoo za pwani huharakisha yote hayo. Mwanga nao hushambulia kemikali za hopsi na kuleta harufu mbaya, na chupa ya kijani hulinda kidogo kuliko ya kahawia. Ukilinganisha bia mpya na chupa uliyoificha miaka miwili, utatafuta mbadala wa bia iliyochakaa.

Njia yenye manufaa zaidi ni kuandika unachokikumbuka kwa maneno ya kawaida, kama vile nyepesi, chungu mwishoni au tamu kidogo, kisha kuchagua bia mbili au tatu zenye viambato vinavyofanana, zote za tarehe za karibuni. Usizionje zikiwa baridi kama barafu, kwa kuwa baridi kali huua harufu. Zitoe kwenye friji, uziache dakika kumi hivi. Mwombe mtu akumiminie glasi tatu bila wewe kuona, mbili za bia moja na ya tatu ya bia nyingine, umtajie ipi iko peke yake. Kwa kubahatisha tu utapatia mara moja katika tatu, kwa hiyo rudia siku nyingine. Ukishindwa kuzitofautisha mara kwa mara, chagua ile inayopatikana karibu nawe katika depo linalouza haraka, kwa sababu huko ndiko utakakoipata ikiwa bado mpya.