Kabla hujauza deki ya rili, tafuta kanda zake

Watu wenye deki za rili, zile mashine za kurekodi na kucheza sauti kwa kanda ya sumaku iliyozungushwa kwenye magurudumu mawili, huniuliza: niuze au nibaki nayo? Nami huwauliza: kanda ulizorekodi nayo ziko wapi?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Niliuza deki yangu ya TEAC A-3340S pamoja na kisanduku chake cha dbx cha kupunguza mvumo, ambacho hubana sauti wakati wa kurekodi na kuifungua wakati wa kucheza, nikiamini kanda zote nimeshazihamisha. Baadaye nikakuta boksi la rili za mazoezi ya kwaya. Mashine ile ilirekodi treki nne, yaani njia nne za sauti kwenye kanda, kwa mpigo, zote zikielekea upande mmoja. Nikaazima deki ya stirio: ikasoma mbili, na nilipogeuza kanda, mbili zilizobaki zikatoka kinyumenyume. Nikazinyoosha kwa kompyuta, lakini bila dbx sauti zilikuwa zimebanwa, pumzi za waimbaji zikisikika kubwa karibu sawa na wimbo wenyewe. Ilinibidi nitafute kisanduku kingine kama kile nilichokuwa nimekitoa kwa mikono yangu.

Kwa hiyo mashine isitoke nyumbani kabla kanda zake hazijahamishwa. Mwaka 2019 UNESCO na IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, walianzisha mradi wa kutahadharisha kuhusu kanda za sumaku, na hofu yao haikuwa kanda kuharibika tu. Mashine za kuzisomea zinapungua, vipuri vinakwisha, na mafundi wake wanazeeka.

Kanda zikishakuwa salama, naigeukia mashine, na naanza na hedi, vile vichwa vya chuma vinavyorekodi na kusoma kanda. Nazimulika tochi kwa ubavu, kisha napitisha ukucha taratibu kutoka juu kwenda chini. Kanda ya milimita 6.3 ikipita mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, huchimba kijifereji. Ukucha ukikwama ukingoni, ujue hedi imeliwa. Fundi mwenye vifaa anaweza kuisugua upya ikiwa chuma bado kipo. Lakini ufa mwembamba wa katikati, ule unaosoma sumaku, ukishapanuka, sauti kali za juu zinapotea na hakuna marekebisho ya kuzirudisha. Hapo ni kubadilisha hedi, na mara nyingi hedi nzuri ndiyo nusu ya thamani ya mashine nzima.

Mota na raba hazinitishi sana. Rola ya raba iliyokauka au kuanza kunata hubadilishwa. Kapasita, vile vipuri vinavyohifadhi umeme kwa muda, ndizo za kuheshimu: deki nyingi za Revox A77 na B77 zina zile za karatasi ambazo kwa uzee huingia nyufa kwenye ganda, kisha zikalipuka kwa moshi mzito wenye harufu kali. Deki iliyolala miaka kumi usiichomeke moja kwa moja. Mpe fundi aiwashe kupitia taa ya kujaribia, yaani balbu inayowekwa kwenye njia ya umeme ili kuuzuia usiingie mwingi.

Pia usiijaribu kwa kanda ya kwanza unayoiona. Kanda za Ampex 456 za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayonyonya unyevu. Zikichezwa hupiga kelele za mkwaruzo na kuacha tope la kahawia kwenye hedi. Kanda kama hizo hupashwa joto la takriban nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa nyingi, kwa kifaa chenye kipimo cha uhakika, ndipo zichezwe. Jiko la kuokea halifai kabisa, na kanda kongwe za asetati, aina ya plastiki ya zamani, hazipashwi joto kamwe.

Msimamo wangu ni huu: kama utairekodia au kuichezea walau kila mwezi, baki nayo na uihudumie. Kama itafunikwa kitambaa, iuze ingali inazunguka, kwa sababu kulala kunaiumiza kuliko kazi: grisi inaganda, raba inabonyea mahali pamoja. Mpe mnunuzi kila kitu: kitabu cha ufundi, adapta za rili kubwa, kanda ya kupimia, na kisanduku cha kupunguza mvumo kama kipo. Mwandikie pia kwenye karatasi spidi na mpangilio wa treki uliokuwa ukitumia, na nakala ya karatasi hiyo ibaki ndani ya boksi la kanda zako.