Kilichomo ndani ya bei ya ndoo ya dagaa

Kwa miaka kadhaa nimejifunza uchumi kwa kuketi na mtu mmoja aliyebobea katika kazi yake na kumsikiliza kwa saa mbili au tatu bila kumharakisha. Nimesomea takwimu na ninaziheshimu. Hata hivyo, dodoso hukupa bei na kiasi, ilhali sababu ya bei hiyo huja pale mtu anapomaliza majibu aliyozoea kuwapa wageni.

Mazungumzo yaliyonifunza zaidi niliyafanya katika mwalo wa Igombe, mahali wavuvi wanapopandishia mitumbwi na kuuzia samaki kando ya Ziwa Victoria, wilayani Ilemela, Mwanza, na mama mmoja anayeanika dagaa. Alikuwa akiwageuza taratibu juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa mchangani, huku akiangalia mawingu upande wa ziwani. Nilitaka kujua kwa nini humuuzia mnunuzi mmoja tu, tena kwa bei ya chini kuliko wanayotoa wengine pale pale. Saa ya kwanza alinijibu kwamba wamezoeana, na kama ningekuwa na dodoso ningeandika "mazoea" na kuondoka. Saa ya pili yeye ndiye aliyeniuliza: "Mwanangu, dagaa wakilowa, huyo wa bei nzuri utamwona hapa?"

Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa, taa hazivuti tena vizuri, mitumbwi mingi hupumzika, na mwanikaji hukosa kipato. Siku hizo mnunuzi wake ndiye humkopesha. Tuseme amepokea shilingi 200,000, kisha giza linalofuata akamuuzia ndoo 20, kila moja kwa shilingi 1,000 pungufu ya bei ya mwaloni. Riba haikutajwa, lakini amelipa shilingi 20,000, yaani asilimia 10 kwa takriban mwezi mmoja. Ukiishia hapo utasema ananyonywa. Lakini mvua ikiharibu mzigo, mnunuzi huyo husubiri giza jingine bila kuongeza deni, kwa hiyo ndani ya ile 1,000 mna riba na mna bima.

Mapatano ya namna hii wachumi huyaita mikataba iliyofungamana, kwa kuwa soko la mkopo na soko la bidhaa hukutana katika bei moja. Hili si suala la nadharia tupu. Anayetaka kumsaidia mama huyu kwa kuleta mnada wa wazi peke yake anaweza kumpatia bei nzuri na kumpotezea mkopo wa siku za mbalamwezi. Vichanja vya kuanikia, vinavyowaweka dagaa juu ya mchanga na kuwakausha haraka, vinapunguza hatari yenyewe, na hivyo kupunguza kile anacholipia kama bima.

Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alifika mbali kwa njia inayofanana na hii ya kuanza na wahusika wenyewe. Garrett Hardin alikuwa ameandika mwaka 1968 kwamba mali ya pamoja huishia kuharibiwa. Ostrom alichunguza jinsi wavuvi, wafugaji na wakulima wa umwagiliaji wanavyojitungia kanuni, akaonyesha kwamba wengi huzilinda rasilimali zao kwa vizazi.

Mazungumzo yangu yajayo ni na mnunuzi mwenyewe. Nataka kumuuliza fedha anazokopesha hutoka wapi, na giza likipita na mvua tupu, ni nani humsubiri yeye.