Ombwe si kutokuwepo kwa chochote

Wengi hudhani kwamba ukifyonza hewa yote kutoka kwenye chupa ili ibaki ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa, ndani hubaki hakuna kitu. Sivyo. Hata molekuli ya mwisho ikitoka, mwanga bado unapita humo, mvutano wa dunia upo palepale, na kuta zenyewe zinatoa mnururisho wa joto.

Haya, tuondoe na joto. Mwaka 1948 Hendrik Casimir, mwanafizikia wa Uholanzi, alikokotoa kwamba mabamba mawili ya metali yasiyo na chaji, yakikaribiana mno ndani ya ombwe, yatavutana. Mwaka 1997 Steve Lamoreaux akaipima kani hiyo; ipo kweli, ingawa ni ndogo ajabu. Kwa maelezo ya kawaida, inatokana na uga wa sumakuumeme, yaani hali ya umeme na sumaku iliyoenea kila mahali katika nafasi, ambao hautulii kabisa hata nishati yake ikishuka hadi kikomo cha chini.

Kwa hiyo ukisikia kwamba ulimwengu ulitokea patupu, uliza kwanza: patupu gani? Mara nyingi linalosemwa ni ombwe la kikwantumu, yaani ombwe kama linavyoelezwa na fizikia ya vitu vidogo kabisa, lenye nyuga na kanuni zake. Mwanafalsafa Mjerumani Leibniz alipouliza, mwaka 1714, kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo chochote, swali lake lilizigusa hata kanuni hizo. Hapo, kwa maoni yangu, mabamba ya Casimir hayasaidii hata chembe.